Foleni ya Senti Moja

Benki ilitaka kuchukua nyumba yangu kwa deni ambalo si langu. La kwangu nilikuwa nalilipa. Tangu kazi za ujenzi zilipokatika Madrid nzima tulikuwa tunakula wali na yai, kesho yai na wali, lakini tarehe tano ya kila mwezi hela ya benki ilikuwa mahali pake. Mke wangu Noemí alikuwa anafua na kupiga pasi katika nyumba tatu za watu. Mimi ni fundi jasi. Alfajiri nilikuwa nakwenda kusimama kwenye mzunguko wa barabara wanakookota vibarua, nagombania gari na vijana wenye nusu ya umri wangu. Hatukuchelewesha hata mwezi mmoja. Nalisema mapema kwa sababu watu wa benki wanapenda kutangaza kwamba sisi watu wa Ekuador tulinunua nyumba kama walevi.

Deni lilikuwa la Wilmer.

Wilmer Cango alimbeba binti yangu Yadira ubatizoni, kule Loja, Ekuador, kabla hatujahamia Hispania. Tangu siku hiyo tukaitana kompadre, na kwetu neno hilo ni zito kuliko undugu. Ndugu unaweza kumnyima. Kompadre humnyimi. Akikugongea na shida unavaa koti kwanza, maswali baadaye.

Dalali aliyetuuzia nyumba hapa Vallecas, mtaa wa Madrid, alikuwa mtu wa kwetu, anafunga tai ya njano, na neno hilo alilijua vizuri. Wakati huo kazi zilikuwa tele na kila mtu anapewa mkopo. Benki ilitaka kila mnunuzi awe na mdhamini, nasi hatukuwa na wazazi Hispania wala shamba. Basi dalali akatuketisha mezani wawili wawili.

"Wewe umdhamini kompadre wako, na yeye akudhamini wewe," akasema. "Karatasi tu, jamani. Desturi ya benki."

Pale ofisini walikuwepo wengine wa kwetu waliopangwa vivyo hivyo, kama watoto wa chekechea wanaoshikishwa mikono wavuke barabara. Wakili akatusomea mkataba kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Wilmer akasaini yangu, mimi nikasaini yake, tukaenda kula nguruwe wa kuoka. Nyumba yake niliipiga jasi mimi mwenyewe, dari na kuta, bila senti. Ningemtozaje kompadre?

Kisha hali ya uchumi ikaanguka, na Wilmer akaanguka nayo. Alikaa miaka miwili bila kazi. Mwishowe akaamua kurudi Loja.

Sasa sikiliza kosa letu. Kwetu ukishindwa kumlipia ng'ombe, unamrudisha. Mwenyewe atakasirika, atakusema sokoni, mkeo ataona haya kanisani, lakini ng'ombe karudi zizini na mambo yamekwisha. Hivyo ndivyo Wilmer alivyofikiri, nami nikafikiri hivyo, na kila mtu wa Loja ninayemjua. Akaisafisha nyumba, akapiga deki hadi kwenye ngazi, akapeleka funguo benki. Meneja wa tawi akazipokea. Alizipokea! Akazitia kwenye droo, akampa mkono, akamtakia safari njema. Hakumwambia kwamba kwa sheria ya Hispania unaitoa nyumba na deni unabaki nalo. Hakufungua mdomo.

Wilmer akaja kwangu na katoni ya bia.

"Kompadre, nimekuwa mwepesi kama unyoya," akasema. "Nimewarudishia nyumba yao. Nimemaliza."

"Hongera, kompadre," nikamwambia.

Nilimpongeza kwa moyo wote. Tulikunywa katoni nzima.

Mwaka mmoja baadaye ikaja barua ya mahakama yenye jina langu, Hólger Sarango. Benki ilikuwa imeinadi nyumba ya Wilmer, hakutokea mnunuzi, basi benki ikajiuzia yenyewe kwa nusu ya bei iliyoipanga yenyewe siku ya kumkopesha. Nusu iliyobaki, pamoja na riba na gharama za mawakili wao, ikawa laki moja na elfu kumi na nane za yuro. Mdaiwa hayupo. Mdhamini yupo. Mdhamini ana nyumba.

Nikampigia Wilmer.

"Wanakusumbuaje na mimi nilirudisha funguo?" akasema. "Waambie nilirudisha, kompadre. Yule meneja asiyevaa soksi ndiye aliyezipokea, ananijua."

Nikamweleza. Nikamsomea barua polepole. Nikamsikia mama yake, Bi Targelia, akiita kuku nyuma yake.

"Umewaambia ninakoishi?" akauliza.

Hilo ndilo lililokuwa la kwanza kutoka mdomoni mwake. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Nikaenda benki. Meneja anaitwa Borja, kijana wa thelathini na kitu, kweli havai soksi, hata majira ya baridi. Aliniketisha kwenye chumba cha vioo akaniita rafiki yangu.

"Rafiki yangu Hólger, mimi nakuelewa. Mwenzako amekufanyia vibaya."

"Aliyenifanyia vibaya ni wewe. Ulipokea funguo."

"Nilipokea funguo. Sikusema nimefuta deni."

"Alipokuuliza kama yamekwisha, ulimjibu nini?"

"Hakuniuliza." Akatabasamu. "Watu wa kwenu hawaulizi."

Nilimtazama miguu. Nilihofu nikimtazama usoni nitafanya jambo la kunipeleka jela.

Kisha akasogeza kiti. "Lakini tunaweza kusaidiana. Nasikia mwenzako amejenga kwao. Ghorofa. Sisi tuna washirika kule. Nipatie anwani kamili na jina lililo kwenye hati, nami nitaandika kwamba umeshirikiana. Jina lako litatoka kwenye kesi. Mtu wa familia kama wewe, kwa nini uumie?"

Wilmer alikuwa amejenga, ndiyo. Ghorofa moja juu ya ile nyumba ya zamani ya mama yake, kwa hela za miaka ya jua na saruji. Mimi nilijua hadi rangi ya mlango. Nikamwambia nitafikiri.

Nyumbani Noemí alikuwa anapika supu ya ndizi mbichi na jibini. Nilipomaliza kumsimulia aliweka mwiko chini.

"Wape," akasema.

"Anaishi Bi Targelia mle."

"Najua anayeishi mle. Na humu anaishi nani? Mbuzi?"

"Noemí."

"Usininoemi. Mama yake ana kuku, ana shamba la kahawa, ana watoto wengine watano wa kumpokea. Mimi nina nani hapa? Nikilala nje Vallecas, nani atanipokea, Mfalme wa Hispania?"

"Ni kompadre wangu."

"Alikuwa kompadre hapo ulipompigia. Akauliza nini? Aliuliza Yadira atalala wapi? Aliuliza kuhusu ngozi yake, mzee. Ngozi yake!"

Alichosema ni kweli tupu. Nilikuwa nimemkasirikia Wilmer sana. Lakini kila nilipokumbuka ile droo ya Borja hasira ile ilihamia benki yenyewe. Walilipwa miaka mitano na Wilmer. Wakapata nyumba. Sasa wanataka nyumba yangu, na kama si yangu basi ya bibi wa miaka sabini na tisa upande wa pili wa bahari, na wanataka mimi ndiye niwaonyeshe mlango. Mbwa wa mwindaji hupewa angalau mifupa.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia Noemí. "Kuna wale watu wa mkutano wa mtaa."

"Wale wapiga kelele?"

"Hao hao."

"Wiki mbili," akasema. "Baada ya hapo naandika mimi. Mwandiko wangu ni mzuri kuliko wako."

Mkutano ulikuwa unafanyika kila Jumanne chini ya kanisa, kwenye ukumbi wenye harufu ya nta na viatu. Nilikwenda na mfuko wa karatasi za kesi kifuani, nimejipanga kumpata wakili. Hapakuwa na wakili. Alikuwepo Bi Encarna, mama mnene wa miaka karibu sabini aliyekuwa akiuza samaki sokoni hadi magoti yalipomkatalia. Sauti ya sokoni alibaki nayo. Watu kama sitini walikuwa wamekaa kwa duara, Wahispania kwa wageni, na zamu yangu ilipofika nikasimama nikaanza kusoma barua.

"Weka karatasi chini, mwanangu," akasema Bi Encarna. "Tuambie kwa mdomo. Nani anadaiwa?"

"Kompadre wangu."

"Na nani atafukuzwa?"

"Mimi."

"Wangapi hapa wako kama huyu?"

Mikono ikainuka. Nilidhani itakuwa ya watu wa kwetu peke yao. Wazee wa Kihispania wenye nywele nyeupe walikuwa wameinua pia: walikuwa wamewadhamini watoto wao.

"Haya," akasema Bi Encarna. "Ijumaa saa tatu asubuhi, mtaa wa nyuma ya soko, kwa Eusebio. Njoo na koti, ngazi zina baridi."

"Mama, mimi nimekuja kwa ajili ya nyumba yangu."

"Eusebio naye yuko kwa ajili ya yake."

"Simjui huyo Eusebio."

"Wala yeye hakujui wewe. Unataka siku yako ikifika uwe na watu mlangoni au uwe na mfuko wa karatasi?"

Watu wakacheka. Nilitoka nimekasirika. Nilikuja kuomba msaada, naambiwa nikakae kwenye ngazi za mtu! Njia nzima nilikuwa nabishana nao peke yangu. Na Ijumaa nilikwenda, kwa sababu sikuwa na kwingine pa kwenda.

Eusebio alikuwa fundi wa mabasi mstaafu. Nyumba yake alimaliza kuilipa zamani, kabla hata ya mtoto wake kuanza shule. Mtoto alipokua akataka nyumba naye, benki ikamwita baba: weka sahihi hapa. Mtoto akapoteza kazi. Sasa karani wa mahakama alikuwa chini mlangoni na polisi wanne na fundi wa makufuli mwenye drili, waje wamtoe baba. Sisi tulikaa kwenye ngazi kutoka mlango wa mtaani hadi ghorofa ya tatu, mtu juu ya mtu, mikono imeshikana. Mimi nilikuwa kati ya mwalimu wa kike na Mmoroko mmoja mchinjaji. Karani alisema anahitaji kupita. Bi Encarna akamwambia apite, ni nani amemkataza, ila aangalie asimkanyage mtu, hapo kuna wagonjwa wa mgongo. Walisimama nusu saa. Fundi wa makufuli alitoka kuvuta sigara akapotelea huko. Mwishowe karani aliandika kwamba shughuli imeahirishwa, akaibandika mlangoni.

Eusebio alishuka ngazi akitushika mkono mmoja mmoja. Alipofika kwangu hakunijua. Akanishukuru kwa jina la mtu mwingine.

Niliporudi nikamwambia Noemí. Alinisikiliza huku anakunja mashati ya watu.

"Wameahirisha," akasema. "Hawajafuta."

"Hawajafuta."

"Basi wiki moja imebaki."

Jumanne iliyofuata nilisema kwenye duara habari ya anwani. Kisha Bi Encarna akauliza nani ana akaunti katika tawi lile la Borja. Karibu wote. Pensheni za mtaa mzima zilikuwa zinapita pale.

"Kuanzia kesho tunakwenda kuweka akiba," akasema.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Tawi lile lina madirisha mawili, na moja huwa limefungwa. Saa mbili na nusu mlango ulipofunguliwa tulikuwa watu arobaini. Wa kwanza akaweka senti moja kwenye akaunti yake, akaomba risiti, akaomba kusomewa salio, akashukuru, akarudi mwisho wa foleni. Zamu yake ilipofika tena akaomba kutoa ile senti. Wa pili hivyo hivyo. Wazee walikuja na viti vya kukunja, magazeti na mbegu za alizeti. Hakuna aliyepaza sauti. Wenye shughuli zao halisi walichungulia mlangoni, wakaona foleni, wakageuza.

"Mama, nje kuna mashine," Borja alimwambia Bi Encarna.

"Mashine haipokei senti moja, mwanangu. Nimejaribu. Imenitemea."

"Lakini kwa nini uweke senti moja?"

"Mtu anaanza na alichonacho. Niambie, nikiifunga kwa miaka kumi itazaa ngapi?"

Mama wa dirishani aliinamisha kichwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Siku ya pili Noemí akaja. Sikumwita. Alikuwa amemwambia mwenye nyumba mmoja kwamba anaumwa, akaja na begi lake la kazini, akasimama nyuma yangu bila kunisemesha. Nilimwuliza kama amekuja kupanga foleni au amekuja kuandika anwani.

"Sijui bado," akasema. "Geuka mbele."

Mchana wa siku hiyo polisi walikuja. Bi Encarna aliwauliza ni sheria gani inayokataza mtu kuweka pesa benki. Hawakuijua. Waliamuru tutoke wote, sisi tukawaambia tuko kwenye foleni. Wakachukua namba za vitambulisho: changu, cha Noemí kwa kuwa alikuwa nyuma yangu, cha Bi Encarna, na vya wengine kadhaa. Tulidhani ni kututisha.

Siku ya tatu Borja alitoka kwenye chumba chake cha vioo akatuita mimi na mke wangu. Alikuwa amechoka. Hakuniita rafiki. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyokwisha pigwa chapa, na katikati nafasi wazi mistari miwili.

"Hii inakutoa kwenye udhamini," akasema. "Imetoka makao makuu ya mkoa. Yote yako tayari. Kinachokosekana ni hapa." Akaweka kidole kwenye nafasi.

"Anwani siijui," nikasema.

"Unaijua." Akanipita kwa macho, akamgeukia Noemí. "Bibi, nyinyi wanawake ndio mnaobeba nyumba. Huyu anamlinda mtu aliyewakimbia. Wewe una akili zaidi. Mistari miwili tu, mnaondoka hapa na nyumba yenu."

Noemí akavuta kiti, akakaa. Akachukua kalamu. Nisingeweza kumlaumu. Alikuwa na haki yote. Kupitia kioo niliona foleni yote imegeuza vichwa.

"Nikiandika," akasema Noemí, "mtafanya nini na nyumba hiyo?"

"Utaratibu wa kawaida."

"Utaratibu wa kawaida ndio huu mliotufanyia sisi?"

"Kule sheria ni zao."

"Mle ndani kuna mama mzee. Hasikii sikio moja. Naye mtamtumia barua?"

"Bibi, hilo si suala la tawi hili."

"Zile funguo alizoleta Wilmer, bado unazo?"

Borja alishangaa. "Nyumba ile tuliiziba. Tumejenga ukuta mlangoni wasiingie watu."

"Ukuta," akasema Noemí. "Mlimtoa mtu ili mjenge ukuta."

Akaiweka kalamu mezani taratibu, kama anavyoweka pasi ya moto. Akanyoosha kiganja kwangu.

"Mzee, nipe senti. Yangu nimeshaiweka."

Nikampa. Akatoka akarudi kwenye foleni, mwisho kabisa, nyuma ya Eusebio. Mimi nikatoka nyuma yake. Hakuna aliyepiga makofi. Bi Encarna aliuliza kwa sauti kama kuna mtu mwenye maji ya kunywa, na mtu akampa Noemí chupa.

Tulipanga foleni ile wiki tatu. Vibarua vilinipita. Msimamizi mmoja wa ujenzi aliyekuwa ananiita mara kwa mara aliniona kwenye picha ya gazeti la mtaa, akaniambia mwenye kampuni hataki watu wa fujo. Noemí akafukuzwa kwenye nyumba moja kati ya tatu. Mwezi ule, kwa mara ya kwanza, tarehe tano ilipita bila hela ya mkopo wetu wenyewe kufika, nasi tukatozwa adhabu na benki ile ile.

Kisha simu ikaja kutoka makao ya mkoa, saa ya chakula. Mwanamke mpole sana. Karatasi ilikuwa ile ile, ila ile nafasi ya mistari miwili haikuwepo. Walikuwa wamechoka kutangazwa magazetini. Sharti lilikuwa moja: tusizungumze na magazeti. Nilisaini. Bi Encarna alisema hadithi si gazeti, basi nasimulia.

Ningetaka kuishia hapo.

Mwezi mmoja baadaye simu ililia usiku, namba ya Ekuador. Nilifurahi kabla sijaipokea.

"Kaini," akasema Wilmer. "Umeniuza."

Bi Targelia alikuwa amepokea barua. Ya wakili wa Loja, kwa niaba ya benki ya Madrid. Anwani sahihi, jina sahihi la kwenye hati, hadi ghorofa iliyoongezwa.

"Kompadre, si mimi. Naapa kwa Yadira."

"Usimtaje mtoto. Wewe umetolewa kwenye kesi, mimi nimeletewa barua. Nani mwingine Madrid anaijua nyumba ya mama yangu? Niambie jina moja tu."

Sikuwa na jina la kumpa wakati ule. Nilikuja kulipata asubuhi, napiga mswaki. Kwa miaka saba Wilmer alikuwa anatuma hela kwa mama yake kila mwezi, na alikuwa anazituma pale pale, dirisha lile lile, kwa fomu ya benki ile: jina la mpokeaji, mtaa, namba ya nyumba, sababu ya kutuma. Sababu aliandika "ujenzi". Anwani walikuwa nayo muda wote. Ilikuwa kwenye mashine zao siku Borja aliponisogezea kiti. Ama hakujua kwamba benki yake inajua, au alijua akataka mkono wangu uwe kwenye karatasi. Nimelifikiria sana na sijui lipi ni baya zaidi.

Nilimtumia Wilmer ujumbe nikamweleza. Nikatuma tena kwa dada yake. Hakuna jibu. Nyumba ya Bi Targelia haikuchukuliwa. Sheria ya kule iliwakatalia. Lakini mama alikaa na mizigo imefungwa hadi walipomhakikishia, na machoni pa Wilmer aliyeifunga mizigo ile ni mimi.

Yadira alitimiza miaka kumi na mitano mwaka huo. Kwetu binti akifikisha umri huo hufanyiwa sherehe, na baba wa ubatizo ndiye anayecheza naye wa kwanza. Alicheza na Eusebio, ambaye alimkanyaga.

Nyumba tunayo. Imetugharimu hivi. Faini ya polisi, yuro mia tatu yangu na mia tatu ya Noemí. Mia tatu ya Bi Encarna, aliyekataa tumchangie, kutoka pensheni ya mia sita. Nyumba moja ya kufulia. Msimamizi mmoja, na kazi zake zote. Adhabu ya mwezi mmoja uliochelewa, yuro thelathini na tano. Kompadre mmoja. Na mkopo wangu mwenyewe, ule ambao nilikuwa sijawahi kuuchelewesha, una miaka ishirini na tatu mbele yake.